Neno adimu la Kiingereza: uliza lilisemwa na nani

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Kisauni, Mombasa, nimemaliza kidato cha nne na sasa natembeza wageni Mji wa Kale na Fort Jesus. Wengi wao ni Waingereza, na wapenda sana mambo ya maneno. Nami nimeanza kukusanya maneno ya Kiingereza ya ajabu ninayoyaona kwenye simu: apricity, dord, sonder, uhtceare, overmorrow, gongoozler. Daftari limejaa. Juzi nilimtajia mzee mmoja Mwingereza apricity, akacheka, akasema hajapata kulisikia maishani mwake. Je, maneno haya ni ya kweli? Yaliyo ya kweli hupatikana wapi, na yakae kichwani vipi? Ami yangu asema napoteza wakati, ningeshika Kiingereza cha kazi kwanza.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mzee huyo hakukudharau. Umemletea neno la lugha yake mwenyewe ambalo hata babu yake huenda hakulitamka. Apricity ni lile joto la jua analoliota mtu wakati wa baridi kali. Limetokana na neno la Kilatini apricus, yaani penye jua, na limo katika kamusi ya Henry Cockeram ya mwaka 1623. Tangu hapo kamusi na orodha zimekuwa zikirithishana neno hilo, lakini watu hawakulichukua. Kwa hiyo limeandikwa, ila halikusemwa, na tofauti hiyo ndiyo nataka uishike kabla ya kuongeza neno jingine daftarini.

Usimwone Cockeram mwongo. Kamusi za kwanza za Kiingereza zilikuwa madaftari kama lako. Ile ya Robert Cawdrey ya mwaka 1604, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza kueleza Kiingereza kwa Kiingereza, ilikuwa na maneno yapata 2,500, yote magumu. Mkate, maji na mlango hayakuwamo, kwani nani asiyeyajua? Wasomi wa zama zile walikuwa wakitoka kwenye vitabu vya Kilatini na maneno marefu mfukoni, wakishindana kuyamwaga mbele za watu. Wenzao wakawasimanga kwamba hayo ni maneno ya pembe ya wino, maana wino siku hizo uliwekwa ndani ya pembe. Mwaka 1553 Thomas Wilson alichapisha barua ya mzaha iliyojaa maneno hayo ili msomaji acheke. Leo ukiisoma utashangaa, kwa sababu baadhi ya maneno aliyoyacheka, kama celebrate na capacity, yanatumiwa na mtoto wa darasa la sita. Jirani zake ndani ya barua ile ile, ingent na revoluting, yamekufa kabisa. Hakuna aliyeweza kutabiri lipi litaishi.

Ndiyo sababu swali lako la «je, ni ya kweli?» nakuomba uligeuze: nani alilisema, lini, na katika sentensi gani? Hata samaki hununuliwa kwa kufunuliwa mashavu, si kwa kusikiwa jina. Neno lisilo na sentensi ya mtu aliyelitumia kwa haja yake ni uvumi tu, hata likiwa na picha nzuri na watu elfu wamelipenda.

Haya si masharti yangu. Ndiyo kazi iliyojenga kamusi kubwa ya Oxford. Wazo lilianzia katika chama cha wanafilolojia, yaani wachunguzi wa lugha, cha London mwaka 1857, na James Murray akashika uhariri mwaka 1879. Waliomba watu wa kawaida, popote walipo, wasome vitabu na kila wakikuta neno la kuangaliwa waliandike kwenye kikaratasi. Pembeni juu neno lenyewe, chini yake tarehe, mwandishi, kitabu na ukurasa, kisha sentensi nzima kama ilivyo, bila kupunguza. Vikaratasi vilimiminika kwa mamilioni. Mmoja wa waletaji wakubwa alikuwa Dkt. W. C. Minor, tabibu wa Kimarekani aliyekuwa amefungwa Broadmoor, hospitali ya wahalifu wenye maradhi ya akili, kwa kosa la kuua. Sehemu ya kwanza ilitoka 1884, ya mwisho 1928, na Murray mwenyewe alikuwa ameshafariki tangu 1915. Katika kupangapanga, vikaratasi vya neno bondmaid, mjakazi, vilipotea, na neno likakosekana kwenye chapa ile ya kwanza ingawa limo kwenye Biblia yao. Hebu fikiria: neno lililo hai liliachwa nje kwa kukosa karatasi.

Kinyume chake pia kimetokea, na hapo ndipo penye dord yako. Mwaka 1931 mhariri wa kemia katika kamusi ya Webster ya Marekani aliandika kikaratasi kusema kwamba herufi D, kubwa au ndogo, ni kifupisho cha density, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake. Aliandika «D or d». Kikaratasi kilikusudiwa fungu la vifupisho, kikapotea njia na kuangukia fungu la maneno. Mtu akazisoma zile herufi kama neno moja, na mwaka 1934 kamusi ikatoka na dord ndani yake, pamoja na matamshi. Miaka mitano ilipita kabla ya mhariri mmoja kushtuka, mwaka 1939, kwamba neno hili halina asili, na kuliondoa kukangoja hadi 1947. Kwa hiyo dord ifute kwenye orodha ya maneno na uihamishie ukurasa wa visa, kwa sababu kisa chake ni kitamu kuliko maneno mengi ya kweli. Kando yake andika esquivalience. Hilo lilitungwa kwa makusudi na kutiwa katika kamusi ya Oxford ya Kiingereza cha Marekani ya mwaka 2001, kuwa mtego wa kuwanasa wanaonakili kamusi za wenzao. Maana waliyolipa ni kukwepa kwa makusudi majukumu ya kazi yako. Wahariri nao wana utani wao.

Sonder ni jambo jingine. Ni ile hali ya kutambua ghafla kwamba kila mpita njia ana maisha yake yaliyojaa kama yako. Lilibuniwa na Mmarekani John Koenig mwaka 2012. Si kosa, kila neno lilibuniwa na mtu, na hili watu wameanza kulitumia. Ila usimwambie mgeni kwamba ni neno la kale.

Uhtceare ni la kale kikweli, na katika orodha yako yote hili ndilo ninalolipenda zaidi. Kwenye simu huelezwa kuwa ni «neno la Kiingereza la kuamka kabla ya alfajiri na kulala macho kwa wasiwasi». Maana iko sawa, mahali ndipo walipokosea. Si Kiingereza anachokijua mgeni wako, ni Kiingereza cha kale, ambacho yeye mwenyewe hawezi kukisoma bila kufundishwa. Uhta ni zile saa za mwisho wa usiku, kama wakati wetu wa daku, na ceare ni mashaka ya moyoni. Yote mawili pamoja yamekutwa mahali pamoja tu, katika shairi lililomo kwenye mswada wa karne ya 10 unaohifadhiwa katika kanisa kuu la Exeter. Msemaji ni mwanamke. Bwana wake ameondoka kwao, amevuka mawimbi, naye hajui yuko nchi gani. Ndipo asemapo kwamba alikuwa na uhtceare. Basi ukisimama na wageni pale Bandari ya Kale na kuwaeleza habari za majahazi na wake waliobaki wakingoja msimu ugeuke, hapo una mahali pa kulitaja neno hili. Sema limo kwenye shairi la mwanamke aliyeachwa na mume aliyekwenda baharini, sema limeonekana mara moja tu. Watakusikiliza. Ukilitoa peke yake, bila shairi, ni sauti ngumu tu isiyo na pa kushika.

Overmorrow ni keshokutwa. Limo katika Biblia ya Coverdale ya mwaka 1535: katika kitabu cha Tobiti, bwana harusi amwamsha mkewe Sara waombe leo, kesho na keshokutwa. Baadaye Waingereza wakaliacha, na hadi leo inawabidi waseme «siku baada ya kesho» kwa maneno mengi. Wakikuuliza nyinyi mwasemaje, usiishie keshokutwa. Wape mtondo, kisha mtondogoo. Nimewaona wageni wakitoa kalamu hapo.

Gongoozler lilichapishwa mwaka 1904 katika kitabu cha mwongozo wa mifereji ya Uingereza, ndani ya orodha ya maneno ya watu wa mashua. Ni mtu asiye na kazi asimamaye ukingoni akitazama vyombo vikipita, saa nzima, bila haja yoyote. Kwao mfereji, kwetu ufukwe wa Mama Ngina: nenda jioni yoyote uone mji mzima umekaa na mihogo ya kukaanga na madafu, meli ya makontena ikiingia Kilindini, na watu wakibishana imebeba nini. Hili ni hai mpaka leo miongoni mwa wapenda mashua kule Uingereza, kwa hiyo litumie bila wasiwasi. Ukitaka la kuliongezea, chukua quomodocunquizing, la Thomas Urquhart mwaka 1652, kwa mtu anayetafuta pesa kwa njia yoyote ile iwayo. Huyo sina haja ya kukueleza anapopatikana mjini.

Sasa, wapi pa kuyapata. Kamusi ya Oxford mtandaoni ni ya kulipia, lakini chapa yake ya kwanza imeshatoka kwenye haki za wachapishaji na mijalada yake hupatikana bure kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Wiktionary, kamusi ya mtandaoni, ni ya bure, na kwa maneno adimu huweka sentensi pamoja na miaka. Ukiona ukurasa wa neno hauna sentensi hata moja, kaa chonjo. Project Gutenberg ina vitabu vya zamani ambavyo unaweza kuvitafuta ndani. Orodha za «maneno 50 ya ajabu» zitumie kama fununu ya kwenda kuthibitisha, si zaidi ya hapo. Na visa vitamu mno viogope. Utaambiwa na mtu wa meli kwamba posh, neno la ukwasi na madaha, ni herufi za mwanzo za maneno ya tikiti za matajiri waliokwenda India, chumba cha kushoto wakienda na cha kulia wakirudi. Haijapatikana tikiti hata moja yenye herufi hizo.

Lakini wewe ni mtu wa Mombasa, na kuna kitabu ambacho kwako ni hazina kuliko kwa mwanafunzi wa London. Kinaitwa Hobson-Jobson, kamusi ya Henry Yule na A. C. Burnell ya mwaka 1886, ya maneno ambayo Waingereza waliyaokota India na katika bahari yetu hii. Jina lenyewe ni masikio ya askari wa Kiingereza waliosikia vilio vya Muharram, «Ya Hasan! Ya Husein!», wakavigeuza hivyo. Kinapatikana bure. Kifungue utafute cranny. Mwingereza wa leo atakuambia ni ufa wa ukutani. Humo utakuta cranny mwingine kabisa, mtu anayeandika ofisini Bengal. Ni karani! Tafuta nacoda, ni nahodha wetu, wote wawili kutoka Kiajemi. Tafuta serang, mkuu wa mabaharia, uone serahangi wa majahazi. Bunder ni bandari. Mgeni wako msomi kabisa huenda asiwe na moja kati ya hayo, na wewe umezaliwa nayo, umekosa tu kujua kwamba na Kiingereza kiliyachukua. Hata godown, ambalo ukilisema kule Leeds watu watakukodolea macho, hapa ni neno la kila siku. Nani asiyejua godauni za Shimanzi?

Ukianza njia hii hutaishiwa. Monsoon ilitoka kwa Wareno, nao waliipata kwa Waarabu, mawsim, ndiyo msimu wetu. Magazine, kabla ya kuwa gazeti la picha, lilikuwa ghala, na ghala la baruti ngomeni huitwa hivyo mpaka leo. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa hazina. Serendipity, ile bahati ya kukuta kizuri usichokitafuta, ilibuniwa na Horace Walpole katika barua ya tarehe 28 Januari 1754, kutokana na hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip. Serendip ni Sarandib, jina walilokiita Waarabu kisiwa cha Sri Lanka, na majahazi ya pwani yetu na ya kule yalisafiri kwa pepo zile zile za kusi na kaskazi. Mwambie mgeni hivyo akiwa ameegemea ukuta wa ngome anaitazama bahari, uone kama atakumbuka tena bei ya ziara.

Kuhusu kukaa kichwani: neno hukaa kwa vipande vyake na kwa kisa chake. Chukua ultracrepidarian, urefu wake usikutishe. Ultra ni kupita, crepida ni kiatu cha kandambili kwa Kilatini. Kisa kimo kwa Plinio, mwandishi wa Kirumi wa kale: mchoraji Apelles alikuwa akiweka picha zake nje na kujificha nyuma asikilize wapita njia. Fundi viatu akasema kiatu kimekosewa, Apelles akakirekebisha usiku. Kesho yake fundi, kichwa kimevimba, akaanza kuukosoa na mguu. Apelles akatoka mafichoni akamwambia fundi viatu asihukumu kupita kiatu. Mwaka 1819 mwandishi Mwingereza William Hazlitt akamtupia mkosoaji mmoja neno hili, kwa maana ya mtu anayetoa hukumu juu ya jambo asilolijua. Umeshalisahau? Hulisahau. Na ule ultra utakufungulia maneno mengine mengi, kama vile ped ya mguu ikufunguliavyo pedestrian, pedal na hata sesquipedalian, neno lenye urefu wa futi moja na nusu, ambalo ni tusi la kistaarabu kwa mtu kama sisi wawili.

Ami yako, hata hivyo, ana haki kwenye mpangilio. Mtafiti Paul Nation alionyesha mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila kukwama kwahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, familia ikiwa ni neno na vizao vyake, na mazungumzo yahitaji 6,000 hadi 7,000. Zile 2,000 za mwanzo peke yake hubeba takriban asilimia 80 ya maandishi. Ukiwa na mapengo huko chini, apricity haitayaziba. Jipime: soma ukurasa wa gazeti la Kiingereza na ukikuta zaidi ya maneno mawili usiyoyajua katika kila mia, kazi bado iko kwenye maneno ya kawaida. Averil Coxhead alichapisha mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma. Imalize hiyo, ukitaka chuo itakufaa. Kisha kuna maneno ambayo ni adimu kwa watu na ni zana kwako: bastion, ile pembe ya ngome inayochomoza, rampart, boma nene la kuizunguka ngome, parapet, ukuta mfupi wa kujikinga juu yake, embrasure, tundu la ukutani la kutolea mdomo wa mzinga. Fort Jesus, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, imejaa vitu hivyo, na mwongozaji anayeonyesha kwa kidole akisema «that hole» amejipunguzia mshahara. Hayo ayajua ami yako pia, muulize.

Katika kuyatumia, neno adimu moja kwa ziara latosha, na lije baada ya kitu kuonekana, si kabla. Liseme, lieleze papo hapo kwa maneno mepesi, upite. Usimtege mgeni kwa kumwuliza kama analijua, maana asipolijua ataona haya mbele ya mkewe, na bakshishi nayo huona haya.

Jambo la mwisho ni matamshi, na hapa maneno ya bahari ndiyo yenye hila zaidi, kwa sababu mabaharia walikata sauti na waandishi wakaacha herufi zimekaa. Boatswain, msimamizi wa mabaharia, hutamkwa karibu na «bosan». Forecastle, sehemu ya mbele ya meli, ni «foksal». Victuals, yaani masurufu ya chakula, ni «vitalz». Gunwale, ukingo wa juu wa ubavu wa mashua unaoushika ukipanda, ni «ganal», na ukiusoma kama ulivyoandikwa utajulikana mara moja kwamba umeupata kwenye karatasi. Kamusi nyingi za simu zina alama ya spika pembeni mwa neno. Ibonyeze, uisikilize mara mbili tatu, kabla hujawapandisha wageni mashuani kwenda Tudor.